Mbwa Wako Ameanza Kupokea Wageni

Mke wangu mpendwa, Mama Akiru,

Nianze na lile ambalo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama nimekula: Kahawa yuko mzima. Amelala hapa kwenye kivuli cha tangi la maji, ulimi nje, na nikitaja jina lake anatikisa sikio moja tu, maana joto la mtaa wetu wa Kanamkemer hapa Lodwar leo halimruhusu mtu kufanya zaidi ya hapo. Lakini nilikaribia kumpoteza, na mdogo wako Apua nilikaribia kumpoteza pia, na watu wengine wote wanajua kipande kipande tu. Wewe nataka nikusimulie yote. Barua yenyewe nitaiacha wazi, asome anayetaka. Mtaa wetu una mbwa wengi na watoto wengi, na mambo uliyonifundisha hukunifundisha ili niyafungie ndani.

Unakumbuka siku uliyomleta? Ulikuwa umepeleka samaki wakavu Kakuma, wale wa kutoka Kerio, kwa wateja wako Wakongo na Warundi kule kambi ya wakimbizi. Ukarudi na katoni moja ambayo haikuwa tupu. Nilisikia kitu kikikwaruza ndani. Ulipofungua kikatoka kichwa kidogo cha rangi ya kahawa isiyo na maziwa, kinanuka samaki kuliko samaki wenyewe. Ukaniambia umepewa na Mama Divine, rafiki yako Mrundi anayeuza unga, na ukamwigiza vile anavyosema: "Mama, huyu mutoto hana mutu. Umuchukue."

Mimi nilinuna. Nilikulia Lokiriama, na kwetu mbwa ni wa mifugo. Analala nje na mbuzi, anakula kinachobaki, na akimuuma mgeni basi kosa ni la mgeni aliyekuja bila kuita kutoka mbali. Nilikuuliza huyu atalinda nini hapa, na sisi hata mbuzi hatuna. Ulisema atatuzuia tusizeeke tukitazamana peke yetu, kwa kuwa Akiru wetu alikuwa ameshaolewa Kitale.

Wiki ile ile nilitaka kubandika kibao cha "Mbwa Mkali" kwenye geti. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nusu ya mageti ya mtaa huu yametoka mkononi mwangu, na niliona kibao kama hicho kingependeza. Ulikataa. Ulisema kibao kikikaa pale, siku moja mwenye nyumba atataka kiwe cha kweli. Kisha ukakunja mkono wa gauni ukanionyesha kovu lako. Nilikuwa nalijua tangu uchumba wetu, lakini kila nilipouliza ulijibu tu kwamba ni mambo ya utotoni. Siku hiyo ndiyo ulinieleza kwamba ulikuwa mdogo sana ulipoona mbwa wa mjomba wako amezaa chini ya kichaka, ukatambaa ndani kuchukua mmoja wa watoto, na mama yao akakushika mkono kwa meno. Jioni hiyo hiyo wajomba zako walimuua. Ulisikia watoto wake wakilia hadi wakanyamaza mmoja mmoja.

"Yule mbwa hakuwa na kosa," uliniambia. "Mimi ndiye niliyeingia kwake."

Tangu hapo nilikuacha umlee Kahawa ulivyotaka, na nikawa natazama. Ulimzoesha watu angali mdogo: wanawake wa kanisa, muuza maji na punda wake, wenye boda, wazee wenye fimbo na kofia. Hukumlazimisha kumkaribia mtu yeyote. Ulimwacha anuse kwanza, akitaka kurudi nyuma arudi. Watoto wa jirani ulikuwa ukiwapanga nje ya geti kama darasa. Ukawaambia wasimguse akila, wasimguse akilala, wasimkumbatie shingoni hata kama wanampenda, na akiwajia kwa kasi wasikimbie, wasimame kama mti, mikono chini, macho pembeni, wasiseme neno. Waliufanya mchezo. Nikitoka kazini nawakuta wamesimama barabarani kama nguzo za stima, na hakuna mbwa hata mmoja karibu.

Kuna siku moja ambayo imenirudia sana miezi hii. Muuza maji aliingia ghafla na mitungi yake, Kahawa akanguruma, nami nikavua ndala nikamchapa. Hujawahi kunikasirikia mbele ya watu, lakini siku hiyo ulinichukua ndala mkononi.

"Usimnyamazishe, Baba Akiru," ulisema. "Akinguruma anakuambia ameogopa. Ukimfundisha asingurume, hofu haitaisha. Atauma tu bila kukuambia."

Ukamwomba muuza maji arudi nyuma kidogo, ukasimama kati yao, ukamwita Kahawa kwako kwa sauti ya kawaida. Alikuja. Nilirudisha ndala mguuni nikaingia ndani, na wewe ukanicheka jioni yote.

Halafu ukaugua, ukaenda. Hayo unayajua kuliko mimi.

Usichojua ni vile ilivyokuwa hapa baada yako. Watu walijaa. Walikuja kutoka Lokiriama, kutoka kwenu, kutoka kanisani, na kwa sababu uwanja ulikuwa hauna nafasi, mtu mmoja alimfunga Kahawa kwa mnyororo nyuma ya jiko. Ilionekana ni busara, na kwa siku moja ingekuwa busara kweli. Lakini wageni walikaa, na mnyororo ukakaa nao. Watoto ambao hukuwahi kuwapanga kwenye darasa lako walimrushia vijiwe. Aliponguruma, wakubwa walimpiga kwa fimbo ili anyamaze, waombolezaji wapate utulivu. Mimi nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya nyumba, nikipeana mikono, na sikumbuki kusikia kitu.

Wageni walipoisha nilimfungua. Aliingia moja kwa moja chumbani kwetu akalala mlangoni. Nilidhani anaomboleza kama mimi. Hakuwa akinguruma tena, na mimi nikaona amekuwa mtulivu.

Apua alikuja Jumamosi moja asubuhi kuchukua nguo zako, kama familia yenu ilivyokubaliana. Alinisalimia, akaingia, akazikunja polepole akilia kidogo. Alipotoka alikuwa na begi mkononi na ile lesso yako ya kijani begani. Kahawa akasimama. Nilimwona, Mama Akiru. Mkia ulikuwa umekakamaa, masikio yamelala nyuma, mdomo umefungwa, na jicho linatazama kando hadi weupe wake unaonekana. Kila ishara uliyonifundisha ilikuwa pale, isipokuwa sauti. Nilifungua mdomo nimwambie Apua asimame. Yeye alishainama kumsukuma Kahawa atoke njiani, na Kahawa akamuuma kiganja. Mara moja tu, kisha akaachia, akakimbilia chini ya kitanda akawa anatetemeka.

Nilimpeleka Apua kwenye mfereji, nikamwosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, tukaosha kwa muda mrefu hadi akaniambia mkono umekufa ganzi. Alitaka tufunge kitambaa tu tumalize, maana Kahawa alikuwa amechanjwa, wewe mwenyewe ulikuwa unampeleka kila mwaka. Nikamwambia hapana, kidonda cha mbwa hakikisiwi. Tulipanda boda hadi hospitali, wakamwanzishia sindano, na akarudi kumalizia zote zilizobaki bila kuruka hata moja.

Jioni kaka yenu mkubwa alinipigia simu. Hakupaza sauti.

"Shemeji, hiyo mbwa imalize," alisema. "Leo ni Apua. Kesho ni mtoto wa mtu."

Jirani mmoja alijitolea kuniletea sumu. Nilikuwa nimeshakubali moyoni, sitakuficha. Kilichomwokoa Kahawa kwanza ni daktari wa mifugo, binti mmoja mpole aliyekuja na pikipiki, akaniambia mbwa aliyemuuma mtu haifai kuuawa haraka hivyo. Afungiwe mahali salama, apewe chakula na maji, atazamwe kwa siku kadhaa, ili ijulikane kama ana kichaa cha mbwa au hana. Nilimfungia kwenye stoo. Daktari aliketi mlangoni akiwa amempa Kahawa ubavu, bila kumtazama usoni, vile vile ulivyokuwa ukifanya wewe. Akaniuliza kama huyu mbwa huwa ananguruma. Nikasema zamani alikuwa ananguruma. Akauliza aliacha lini. Nilipoanza kujibu, nikayaona yote: mnyororo, vijiwe, fimbo, na mimi kwenye kiti cha plastiki.

Aliniambia haoni kichaa, anaona hofu. Lakini alisema pia kwamba hofu ina meno, na hatanidanganya: akiachwa hivi atauma tena. Anaweza kurudishwa, ila ni kazi ya miezi, na mwenye kumfuga asipoiweza ni bora aseme mapema.

Siku ya pili nilimpelekea Apua maziwa na sukari. Nilikaa mbele yake nikiangalia bendeji, nikamwambia nimeamua, Kahawa ataondoka. Nilidhani atashukuru. Aliniambia neno ambalo bado naligeuza kichwani.

"Shemeji, mimi sitaki ufe hiyo mbwa. Mimi nataka ufungue nyumba. Tangu tumzike dada, geti imefungwa, simu hushiki, kanisani huji. Watu wakibisha unawatazama vile Kahawa alinitazama. Nyinyi wawili mmekuwa kitu kimoja."

Alisema hivyo, "ufe hiyo mbwa," akimaanisha niiue, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikirudia makosa hayo ya Kiswahili chake peke yangu kwa sababu yalinichekesha, na kwa sababu sikutaka kufikiria maneno yaliyofuata.

Akiru alipokuja kutoka Kitale kunitazama, nilimwachia kazi ya kumlisha Kahawa nikaenda Kakuma. Nilikuwa nimeahirisha safari hiyo tangu mazishi. Mama Divine alinishika mikono yote miwili sokoni. Pale ulipokuwa ukitandaza samaki sasa anauza vitunguu mama mmoja wa Sudan Kusini. Alipojua mimi ni nani alisogeza vitunguu vyake nipate mahali pa kukaa, akanisalimia "ejok" kwa Kiturkana ulichomfundisha. Nilimweleza Mama Divine habari ya Apua. Akatikisa kichwa, kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuniambia miaka yote hiyo.

"Mama yake huyu mbwa alikuwa anafungwa munyororo, muchana na usiku. Aliuma watu. Mama Akiru alimutazama sana siku ile. Akaniambia, nipatie mutoto wake, nione kama shida ni damu ao ni munyororo."

Nilirudi Lodwar nikitazama nje ya dirisha njia nzima. Kwa hiyo ulijua ulichokibeba kwenye ile katoni. Ulijua, ukamlaza jikoni kwetu, ukamlea miaka yote hiyo hadi hakuna aliyemwogopa, na hukujisifu hata siku moja.

Daktari aliporudi akasema Kahawa hana kichaa, nilimwambia sitamuua, na sitamfunga mnyororo. Kisha nikaanza na geti letu, ambalo ulikuwa unanitania kwamba fundi wa mageti ana geti lisilofunga. Nililichomelea upya, nikaweka komeo la juu ambalo mtoto hawezi kufungua. Nikamtengea Kahawa sehemu yake nyuma yenye kivuli na wavu mrefu, ili wageni wakija wengi awe mahali ambapo hakuna anayemfuata. Nikaanza kutembea naye alfajiri kwa kamba fupi kuelekea mtoni, kabla jua halijawa kali. Mwanzoni mimi ndiye niliyekuwa nikivuta kamba kila nilipoona mtu, na yeye anakakamaa kwa sababu mimi nimekakamaa. Daktari alinionyesha kulegeza mkono. Ni jambo dogo, lakini ilinichukua muda mrefu zaidi kulijua kuliko kuchomelea geti.

Kazi ngumu zaidi ilikuwa watu. Kahawa hangeweza kuzoea wageni bila wageni, na mimi ndiye niliyekuwa nimewafukuza. Ilibidi niende kuwaomba. Nilienda kwa muuza maji. Nilienda kwa wanawake wa kanisa lako, nikawaambia kwa aibu kwamba nahitaji waje waketi tu, wasifanye kitu. Walikuja. Mimi nilipika chai, mbaya, na waliinywa. Kahawa alikuwa upande wa pili wa wavu, na kila mgeni alimtupia kipande cha samaki mkavu bila kumtazama. Wiki zikapita, akaanza kukaa karibu na wavu akisikia geti. Mara ya kwanza aliponguruma tena, muuza maji alipopita karibu sana, nilifurahi hadi yule bwana akadhani nimechanganyikiwa. Nilimwomba arudi nyuma hatua moja, nikamwita Kahawa kwangu, akaja. Sauti yake ilikuwa imerudi.

Na watoto wa jirani wamerudi nje ya geti. Wengine ni wapya, hawakukujua. Nawafundisha kusimama kama mti, na wale wakubwa waliokujua wananirekebisha, wananiambia mama hakusema hivyo, alisema macho pembeni. Siwaachi naye peke yao hata kidogo. Sidai kwamba Kahawa amekuwa kondoo. Kukiwa na sherehe mtaani anakaa kwenye sehemu yake, na mgeni asiyemjua nampokea mimi kwanza, nje. Nadhani hata wewe ulikuwa hivyo, ila ulifanya ionekane kama huna kazi yoyote.

Apua alikataa kuja kwa muda mrefu, nami sikumsukuma. Siku moja alisimama tu barabarani, kiganja kikiwa kimepona, akasalimia kutoka huko. Kesho yake aliingia akaketi mbali. Alikuwa anaogopa na hakuficha, na nilimpenda kwa hilo. Aliketi hivyo siku nyingi, akiniongelesha mimi, hadi siku ambayo Kahawa aliruhusiwa kutoka akiwa na kamba, akamnusa viatu, akaenda zake. Baadaye tulitandaza nguo zako kwenye mkeka hapa uani. Nilimwacha Kahawa anuse kila moja kwa muda aliotaka, Apua akizikunja upande mmoja, nami nimeshika kamba ikiwa imelegea. Alilaza kidevu kwenye lesso ya kijani akashusha pumzi. Tulingoja. Alipoinuka mwenyewe, Apua aliichukua akaiweka kwenye begi, na Kahawa akamtazama tu. Nguo zako zimeenda kwa dada zako wote, Mama Akiru. Gauni ulilovaa kwenye harusi ya Akiru limebaki kwangu, nimeomba.

Sasa Apua huja kila Jumapili baada ya ibada. Jumapili iliyopita tulikuwa tumekaa naye kwenye kivuli aliposikika mtu akiita kutoka mbali sana, kama mtu anayekaribia boma la Lokiriama. Alikuwa kaka yenu mkubwa. Hakuwa amefika hapa tangu ile simu. Nilitoka nikamfungulia. Kahawa alikuwa amelala chini, akafungua mdomo akapiga mwayo, basi. Lakini kaka yenu aliona yale meno, akasimama katikati ya uwanja wima kabisa, fimbo imebanwa ubavuni, mikono chini, kofia kichwani, macho ameyaelekeza kwenye paa la jirani. Nadhani watoto wa mtaa walikuwa wamemfundisha njiani. Hakupumua.

Apua akaangua kicheko.

Nimemjua Apua tangu akiwa msichana mdogo na sikuwahi kugundua. Labda ni kwa sababu mlikuwa mnacheka pamoja. Anacheka kama wewe, Mama Akiru. Anaanza juu, anakosa pumzi katikati, kisha anamalizia kwa ile sauti ya chini kama mtu anayekohoa. Nilishika kikombe changu kwa mikono miwili. Kahawa aliinua kichwa. Akainuka, akatazama mlango wa nyumba, akatazama geti, halafu akavuka uwanja mzima polepole, akampita kaka yenu bila hata kumnusa, akaenda kulala juu ya miguu ya Apua.

Apua hakusogeza miguu. Machozi yalimtoka akiwa bado anacheka.

Mwishowe kaka yenu, bila kuondoa macho kwenye paa la jirani, akauliza kwa sauti ndogo, "Shemeji, sasa mimi naweza kukaa?"

Nikamvutia kiti.

Pumzika, mke wangu. Nitakuandikia tena nikiwa na la kusema, na nikikosa la kusema nitakuambia hivyo hivyo alfajiri tukielekea mtoni.

Ni mimi mumeo,
Baba Akiru